Wiki Saba Chini ya Kioo

Jumatatu, 26 Mei

Mtu akiniuliza kwa nini naandika, nitamwambia ni kwa ajili ya kazi. Lakini daftari la kazi nimeshalifungua. Hili ni la yale yasiyoingia kule.

Leo nimepanda juu ya paa la karakana na vipande kumi na viwili vya kitambaa, kila kimoja kirefu kama mkono wangu, kimeshonwa katikati kwa uzi uleule tutakaoutumia. Nusu ya kila kipande nimeifunika kwa katoni nzito ili isiguswe na jua. Nusu ya pili nimeiacha wazi. Baada ya wiki saba nitalinganisha. Vikivumilia, tutashona vivuli ishirini na vinne kwa ajili ya kituo cha afya cha watawa huko Kigobe, ambako akina mama hungoja uani na watoto wao, juani. Ni kazi kubwa ya kwanza ambayo Adrien, mwenye karakana, amenikabidhi tangu anichukue mwezi wa pili. Kitambaa ni poliesta ya kawaida. Kinachokifanya kiwe cha nje ni dawa yangu ya kukinga jua.

Nilipokuwa nikishuka, Madame Léocadie, mkuu wa mafundi, alikuwa amesimama chini ya ngazi akiniangalia viatu. Aliuliza kama nimeenda kuanika chupi. Mafundi wote wanne wakacheka.

Ijumaa, 30 Mei

Saruji. Jirani yetu hapa kwenye viwanda ni ghala la saruji, na tangu mvua ikatike kila lori linalotoka bandarini linatupulizia unga wake. Leo nimekuta vipande vyangu vimekuwa vya kijivu. Siwezi kupima rangi ya kitu kilichopakwa saruji. Nyuma ya stoo kulikuwa na vioo vya madirisha ya zamani. Nimeviosha, nimevilaza juu ya fremu ya mbao, na vipande vyote sasa viko chini yake, safi kabisa. Niliingiza mkono kuhakikisha. Jua linapita, tena humo ndani joto linazidi la nje.

Madame Léocadie alipanda ngazi hadi katikati, akachungulia.

"Mademoiselle, nguo ya inje unaifungia mu nyumba?"

Nilimweleza polepole, kama mtu anavyomweleza mtoto, kwamba vumbi linaharibu vipimo.

"Vumbi nayo iko inje," akasema, akashuka.

Baada ya chakula nilimwona akikata kipande kwenye mabaki ya kitambaa kilichokwisha kupita kwenye dawa yangu. Alikipiga mishono miwili kwa mashine yake, mmoja kwa uzi wangu mweupe, mwingine kwa uzi mweusi aliokuja nao mwenyewe. Kisha akakifunga kwenye waya wa miiba juu ya ukuta, upande wa bandari. Aliwaambia wenzake, kwa sauti ya kunifikia, kwamba hicho chake kitaonana na jua uso kwa uso.

Wote wanamwita Mama Divin, kwa jina la mwanawe. Mimi siwezi.

Jumanne, 10 Juni

Tumegombana kuhusu uzi, mbele ya Adrien.

Niandike kwanza ninachojua, kwa sababu mbele ya yule mama maneno yangu yanageuka magumu na sisikiki. Jua halili kitambaa kama nondo. Katika mwanga wake kuna sehemu isiyoonekana kwa macho, na hiyo ndiyo yenye nguvu ya kukata minyororo mirefu ambayo uzi umejengwa kwayo. Ikikatwa michache, rangi inapauka. Ikikatwa mingi, uzi unavunjika kama mkate mkavu, hata kama rangi bado inapendeza. Kitambaa bora cha nje ni akriliki. Rangi yake na kinga yake vinachanganywa humo wakati bado ni uji mzito, kabla uji huo haujasukumwa kwenye vitundu vidogo kuwa uzi. Ni kama bitiruti, popote utakapoikata ni nyekundu. Poliesta yetu ni kama harage jekundu, rangi iko kwenye ganda tu. Lakini akriliki ingefika mwezi wa kumi, na watawa wanataka vivuli kabla ya joto la Septemba. Ndipo nilipomshawishi Adrien. Tunachovya poliesta na uzi wake kwenye dawa inayopokea mwanga ule mkali na kuugeuza kuwa joto lisilodhuru, kisha tunakausha. Ganda juu ya harage, lakini ganda zuri. Niliisoma dawa hiyo mwaka mzima chuoni.

Madame Léocadie haupendi uzi wangu. Ni naironi nyembamba, nyeupe, inapotea ndani ya kitambaa cha rangi ya maziwa.

"Patron, mi nimeshona maturubai ya camions Uvira miaka kumi na moja," alisema, na kwao "njo" ni "ndiyo". "Uzi mweusi njo inakaa. Huu wa Mademoiselle ni wa robe ya mariage."

Nilisema kwamba tunashonea kituo cha afya, si lori wala bibi harusi, na kwamba mishono myeusi itaonekana kama makovu. Adrien akacheka, akanipa ushindi.

Kitu kimoja sikukisema. Uzi mweusi huwa mweusi kwa masizi, na masizi ni moja ya kinga nzuri kuliko zote dhidi ya jua. Iko kwenye madaftari yangu ya chuo. Nilikaa nayo mdomoni nikaimeza, kwa sababu ingetoka kama kumpa haki.

Jumatano, 18 Juni

Joto. Vumbi. Wamenibandika jina, Madame Kioo.

Jumanne, 1 Julai

Sikukuu ya uhuru. Dada yangu Chanelle, ninayeishi naye Nyakabiga, alitaka twende kuangalia gwaride. Nikaenda karakana kuangalia vipande. Mlinzi alinifungulia huku akinihurumia. Vipande ni vizuri, vizuri mno. Nimevikalia karibu kama mama anayengoja mtoto aamke, na nikajicheka.

Cha Madame Léocadie kilikuwa kinapigapiga kwenye waya, kimechafuka kama tambara la jikoni. Sikukigusa.

Jumatatu, 14 Julai

Wiki saba zimetimia. Nimevitoa sita katikati ya karakana, mbele ya wote. Nusu iliyofunikwa na nusu iliyoachwa wazi, huwezi kuzitofautisha. Kisha nilining'iniza kwenye kila kipande bidoni la maji la lita ishirini, mshono ukiwa katikati. Hakuna uliofunguka. Adrien alinishika bega. Nikaandika: kitambaa na uzi vimefaulu. Nikaweka sahihi.

Sita vilivyobaki nimeviacha chini ya kioo viendelee.

Nilimtafuta Madame Léocadie kwa macho. Alikuwa anatia mafuta mashine yake.

Nikamwambia, "Umeona."

"Nimeona bidoni," akasema.

Ijumaa, 25 Julai

Vimetundikwa vyote ishirini na vinne. Tumevivuta sawasawa, kila pembe na pete yake ya chuma. Masera Médiatrice, mtawa anayeongoza kituo, alitembea chini ya kivuli kimoja hadi kingine mikono ikiwa nyuma, kama mtu anayekagua kanisa. Mama mmoja alihama na mkeka wake kutoka kwenye jua, akamlaza mtoto, naye mtoto akaacha kukunja uso. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi kwa ajili ya mtoto. Nilifurahi kumwona Madame Léocadie juu ya ngazi akifunga kamba ya kazi yangu na uzi wangu.

Jumatano, 13 Agosti

Hakuna kitu.

Jumamosi, 30 Agosti

Chanelle anasema tangu nianze kazi hii kila jina ninalolitaja nyumbani ni la mtu ninayemchukia. Alinihesabia kwa vidole. Nikamjibu vibaya. Akasema, bila hasira, "We Orlane, unapenda kuwa na haki kuliko kula."

Jua la mwezi huu halina aibu. Ziwa lenyewe limekuwa jeupe.

Jumatano, 24 Septemba

Upepo wa kwanza wa kutafuta mvua umeingia leo saa tisa alasiri. Huko Kigobe mishono ya vivuli vitatu imefunguka kwa pamoja, toka pembe hadi pembe. Pete moja ya chuma iliruka ikampiga mama mmoja juu ya jicho. Alikuwa amembeba mtoto wa wiki mbili. Mtoto ni mzima. Mama ameshonwa nyusi.

Adrien alipokea simu mbele yetu. Alisema tu "ego, Masera", ndiyo, Masera, mara nyingi. Alipokata, hakunitazama mimi. Alimtazama Madame Léocadie.

Ijumaa, 26 Septemba

Lazima niandike hii kwa mpangilio.

Asubuhi Adrien aliniita ofisini, akafunga mlango. Ni mtu wa sauti ya chini, na ikishuka zaidi ujue amekwishaamua. Alisema kitambaa kilifaulu jaribio, uzi ulifaulu, sahihi yangu ipo. Kilichofunguka ni mshono. Basi kilichobaki ni mkono wa aliyeshona. Anataka ukurasa mmoja wa kumpelekea Masera Jumatatu, useme kwamba mishono ilivutwa kupita kiasi kwenye mashine. Mama Divin ataondoka siku hiyohiyo, na karakana itaokoka. Nikauliza ataenda wapi. Akasema alikuja hapa akikimbia vita kwao, hana mkataba wa maandishi, hakuna ofisi itakayouliza. Alilisema hilo kama mtu anayeeleza ni mlango upi hauna kufuli.

Saa nne nilikuwa nimeandika na kutia sahihi. Sikulazimishwa. Nilitafuta hata neno zuri zaidi la "kuvuta".

Mchana, wengine wakila, nilikwenda ukutani. Nikiwa mkweli, nilitaka kukuta kipande chake kimechanika chote, mshono mweupe na mweusi, ili niwe na haki kamili na nilale. Nikasimama juu ya tofali, nikakifungua kwenye waya.

Nilivuta mshono mweupe kwa vidole viwili. Ulifunguka bila sauti, uzi ukabaki mikononi mwangu vipande vipande, kama nywele zilizoungua. Nikavuta mweusi. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote, nikauzungusha mkononi nikavuta tena. Ulikataa. Mkono mmoja uliishona yote miwili, mashine moja, siku moja. Kisha nikashika ukingo wa kitambaa chenyewe, chenye dawa yangu, na kikachanika kama gazeti.

Nikapanda juu ya paa. Vile sita vya chini ya kioo bado ni vizuri. Nilivining'inizia bidoni kimoja kimoja, jasho likinitoka, na vyote vilibeba. Kitambaa kilekile, dawa ileile, uzi uleule. Tofauti ni kioo tu.

Na hapo nikakumbuka, au tuseme nikaacha kujizuia kukumbuka. Mwaka wa pili, somo la mwanga. Dereva anayefunga dirisha haungui mkono. Kioo kinapitisha joto na kinapitisha mwanga tunaouona, lakini ile sehemu isiyoonekana, ile inayokata, kinaizuia kwa kiasi kikubwa. Poliesta hukaa miaka nyuma ya dirisha na haikai nje. Niliandika hivyo kwenye mtihani, na nikapata alama. Wiki saba sikuwa napima jua. Nilikuwa nafuta vumbi.

Nilikikunja kipande cha ukutani nikakitia kwenye mkoba. Nikarudi chini. Madame Léocadie alikuwa anakula wali kwenye bakuli la plastiki, mgongo kwangu. Hakugeuka. Nilikaa mezani hadi saa kumi na moja, mkoba mapajani.

Jumamosi, 27 Septemba

Kipande kiko chini ya godoro. Chanelle ameuliza kwa nini sili. Nimesema ni joto.

Jumapili, 28 Septemba

Misa. Sikusali. Nilikuwa nafanya kazi kichwani, na niiandike hapa kazi hiyo ilivyokuwa.

Nilijiambia kwamba Madame Léocadie alinicheka tangu siku ya kwanza. Kwamba angekuwa mimi, angeniacha nianguke. Kwamba ana mikono, atapata kazi popote penye cherehani, nami nina karatasi moja tu ya chuo na jina langu juu yake. Kwamba jeraha la nyusi hupona. Nilijiambia haya kwa utulivu mkubwa, wimbo wa sadaka ukiendelea, na kila moja lilisimama vizuri kwa miguu yake. Utulivu huo ndio ulionitisha. Nilikuwa nasikia sauti ya Adrien ikizungumza kwa mdomo wangu.

Mtu anayenichukia kwa haki ni mzito kumbeba kuliko anayenichukia bure. Hadi Ijumaa nilidhani yeye ni wa bure.

Jumatatu, 29 Septemba

Tulikaa ofisini kwa Masera Médiatrice, Kigobe. Adrien, mimi, na Madame Léocadie, aliyeletwa bila kuambiwa sababu, amevaa kitenge cha kanisani. Mezani palikuwa na ile pete ya chuma. Nje, vivuli vilivyobaki vilikuwa vimekunjwa, na akina mama wamebanana barazani.

Adrien akasoma ukurasa wangu. Ni Kifaransa kizuri. Nilisikia kila koma.

Masera alimgeukia Madame Léocadie, akamuuliza, Mama, una nini cha kusema. Yeye aliangalia pete. Kisha akaniangalia mimi, macho makavu kabisa.

"Mumuulize Mademoiselle," akasema. "Ye njo amesoma."

Sikuwa nimeamua. Ningependa kusema niliingia mle nikiwa nimeamua, lakini kipande kilikuwa mkobani kwa sababu tu niliogopa Chanelle angekikuta akitandika kitanda. Nikakitoa. Nikakiweka juu ya karatasi.

Nilisema, "Masera, nilichokiandika hapo si kweli. Mama huyu alishona vizuri. Uzi niliuchagua mimi, na jua limeukata. Nilipima chini ya kioo, na kioo kinazuia jua lenyewe. Yeye alikifunga hiki nje tangu mwezi wa tano. Uvute mshono mweupe, halafu uvute mweusi."

Masera alivuta. Uzi mweupe uliobaki ukamwagika juu ya meza. Akavuta mweusi, mara mbili, kisha akaanza kuukunjua ule wa kwanza kwa ukucha, kama daktari. Akauliza mama aliyeumia ana umri gani, kana kwamba mimi ningejua. Sikujua. Akasema ana miaka kumi na tisa, na kwamba anaitwa Benite.

Adrien akaanza sentensi. Masera akainua mkono. Alisema vivuli vyote visirudi juu hata kimoja. Atangoja kitambaa kile kingine, akriliki, hata kama mvua itawatangulia, na uzi atauchagua Mama Divin. Kama Mama Divin hayupo karakana siku hiyo, kazi itakwenda kwingine. Adrien akasema ego, Masera.

Njiani kurudi, Madame Léocadie alikaa mbele.

Jumanne, 30 Septemba

Saa mbili asubuhi Adrien alituita wote wawili, si ofisini, katikati ya karakana, mashine zikiwa zimezimwa. Nadhani alitaka isiwe yeye wa kuamua. Alisema ameniona jana nikisema ukweli, ukweli ambao umemwaibisha, na kwamba hawezi kunifukuza kwa sababu hiyo bila kuonekana alivyo. Kwa hiyo atakayeamua ni aliyekuwa karibu kuonewa. Akamgeukia.

"Mama Divin, abaki ama aondoke?"

Nilikuwa na hakika atasema nibaki. Ni aibu kuiandika, lakini nilikuwa na hakika. Nilikwishatengeneza kichwani jibu la unyenyekevu.

Madame Léocadie alikunja kipande cha kitambaa alichokuwa nacho, pembe kwa pembe, akakiweka juu ya mashine.

"Vendredi saa saba nimeona waya iko bure," alisema, akimaanisha Ijumaa ile nilipokifungua kipande. Hakuwa anamwambia Adrien. "Hakuna mwengine anapandaka kule. Nikasema, bon, ameona, atasema leo. Hukusema. Samedi, hukusema. Dimanche nimefunga mizigo ya batoto, ju najua vile banafukuzaka batu kama sisi. Divin akaniuliza, maman, tunaenda wapi? Nikamwambia, ngoja, kuko mutoto moja wa chuo anafikiri."

Hakuna aliyecheka.

"Ulisema, ndiyo. Mi sikatai. Lakini ulikuwa na maisha yangu mu mukoba yako siku tatu, na ulikuwa unaangalia kama iko na faida." Akamgeukia Adrien. "Patron, kukosea kazi, mi nakosea kila siku. Kioo namusamehe leo leo. Ila siwezi kukaa na mutu kama huyu nyuma ya mugongo wangu. Aondoke."

Nilitaka kusema kwamba zilikuwa siku mbili na nusu. Nashukuru sikulisema.

Nimemkabidhi Adrien ufunguo wa stoo na daftari la vipimo, lile la kazi. Nimemwachia Madame Léocadie kiasi cha masizi kinachotakiwa kwenye uzi, na jina la akriliki ya kuagiza, kwa herufi kubwa. Aliipokea karatasi, akaisoma yote, akauliza neno moja ambalo hakulielewa. Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akaketi, akaweka mguu kwenye mashine.

Msimu mzima nimewachukia watu wale na kuhesabu kila kicheko chao. Leo nilivuka karakana polepole kuliko inavyohitajika, nikapita meza ya kukatia, nikapita mapipa ya dawa, hadi getini. Nilikuwa nangoja mmoja wao aniite, hata kwa lile jina walilonibandika. Nyuma yangu mashine ziliwaka, moja, kisha zote.